Kulabu mbili za fedha, na ndimu iliyoniponza

Nilikulia Lamu, nyumba yetu ikipakana ukuta na karakana ya sonara, na kwetu fedha haivaliwi ikiwa nyeusi. Harusi ikikaribia, vikuku na mikufu hutolewa sandukuni, ikasuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka ing'ae, kisha ikaanikwa juu ya kitambaa cheupe. Utotoni kazi hiyo ilikuwa yangu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniponza miaka mingi baadaye, katika shamba la ngano huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza, siku nilipookota kulabu yangu ya kwanza, yaani kishikizo cha nguo cha kale chenye ndoana.

Nilikuja huku kwa kazi ya kutunza wazee. Mume wa mfanyakazi mwenzangu alikuwa na desturi ya kwenda mashambani kila Jumapili na kigundua metali, nami nikaomba kufuatana naye. Akanifundisha kupitisha mashine chini kabisa, karibu iguse udongo, polepole, kila mpito ukilalia kidogo ule uliotangulia. Akanifundisha kusikiliza. Chuma hukoroma. Fedha na shaba hulia kwa sauti nyembamba. Tatizo ni vile vipete vya kufungulia makopo ya soda na vitako vya risasi za bunduki za kuwindia, ambavyo navyo hulia vizuri mno, na mtu huinama mara hamsini kwa siku bila kupata kingine.

Mashine niliipata ya mkono wa pili. Kilichonihangaisha ni ruhusa. Kila shamba hapa lina mwenyewe, na ukiingia kutafuta vitu bila idhini yake unaweza kushtakiwa kwa wizi. Sehemu zilizoorodheshwa na serikali kuwa za kihistoria zinalindwa kwa sheria ya mwaka 1979, na huko hata mwenye shamba hawezi kukuruhusu peke yake. Niliandika barua 11 kwa mkono. Nilijibiwa moja. Mzee mwenye shamba alinikaribisha jikoni kwake, tukaandikiana karatasi: mageti nifunge, mashimo nifukie, nisiingie mazao yakiwa yamesimama, na kitu cha thamani kikipatikana tugawane nusu kwa nusu. Kwa mwenzangu anayefikiria kuanza, msipatane kwa mdomo tu. Andikianeni.

Mwezi Novemba, trekta ikiwa imeshalima, nilipata mlio mdogo lakini safi kando ya njia ya zamani inayokata shamba. Kina chake kilikuwa kama sentimita 12. Kilitoka kitu cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kimejaa udongo, na nyuma yake kina ncha iliyopinda kama ndoana. Nilipoona weupe kwenye ukingo nilijua ni fedha. Nikakitia mfukoni pamoja na misumari na vipande vya risasi, nikaendelea.

Usiku ule niliketi jikoni na ndimu, dawa ya meno na mswaki mkuukuu. Udongo ulipotoka nikaona vibumba vitatu vya mviringo vimekaa kama mafiga, na juu ya kila kimoja pete ndogondogo za uzi wa fedha uliosokotwa, katikati ya kila pete punje moja. Nilishangilia peke yangu. Palikuwa na umanjano hapa na pale ambao niliuona kama kutu ya udongo, nikausugua mpaka ukatoka wote. Punje mbili ziling'oka zikaenda na maji ya sinki. Nilipomaliza, ilikuwa nyeupe kama vikuku vya harusi.

Rafiki yetu wa Jumapili alinieleza sheria. Chini ya Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, kitu chochote cha zaidi ya miaka 300 chenye angalau asilimia 10 ya dhahabu au fedha kwa uzito wake ni hazina, isipokuwa sarafu, ambazo zina masharti yake. Una siku 14 za kutoa taarifa tangu ulipokipata au ulipotambua kwamba kinaweza kuwa hazina. Ukinyamaza, unaweza kufungwa hadi miezi 3. Wa kuamua ni mchunguzi wa vifo wa eneo, yule yule anayeitwa mtu akifa ghafla, kwa kuwa tangu zama za kati kazi hizo mbili zilikuwa mikononi mwa ofisa mmoja wa mfalme. Wewe huendi kwake moja kwa moja. Unaenda kwa ofisa wa mabaki ya kale wa kaunti yako, ambaye yumo katika mpango uitwao Portable Antiquities Scheme unaoendeshwa na British Museum.

Nilikwenda nikiwa na furaha. Ofisa, mama mmoja mpole, aliigeuza kulabu chini ya kioo cha kukuzia akakaa kimya kitambo. Kisha akaniuliza kama nimeisafisha. Nikamwambia ndiyo, vizuri sana. Akanipa kioo nami nitazame, akanionyesha kwa ncha ya kijiti: ndani kabisa, chini ya uzi uliosokotwa ambako mswaki haukufika, kulikuwa na mstari mwembamba wa njano. Ilikuwa dhahabu. Kulabu yote ilikuwa imepakwa dhahabu, ikabaki hivyo ardhini kwa miaka zaidi ya 400, nami nikaimaliza jioni moja kwa dawa ya meno.

Akauliza niliipata wapi. Nikaonyesha shamba kwenye ramani. Shamba lile ni ekari 40. Akauliza wapi ndani ya shamba, nikasema kando ya njia. Upande gani? Sikuwa na jibu la kumpa. Sikuandika.

Hakunigombeza, na hilo lilinichoma zaidi. Badala yake alivuta kiti akanieleza nilichokuwa nimeshika. Vishikizo hivi vilivaliwa Uingereza karne ya 16, zama za Henry VIII na binti yake Elizabeth I. Nyuma ya kibao, yaani ule uso wenye mapambo, kuna kitanzi kilichoshonewa kwenye utepe au mkanda, na ile ndoana hunasa kitambaa. Wanawake walivitumia kufungia nguo za juu na kupandishia marinda yasiburure matopeni. Mara nyingi vilivaliwa viwili viwili. Vingi vya wakati ule ni vya aloi ya shaba, vilivyomiminwa kwenye kalibu kuiga vile vya sonara. Vya fedha iliyopakwa dhahabu vilikuwa vya watu wenye uwezo kiasi, wenye mashamba na wafanyabiashara, si lazima mabwana wakubwa.

Aliposema kupandisha marinda, niliwaona mama zetu wakienda shambani masika, leso imefungwa kibwebwe, pindo limeinuliwa lisiguse matope. Mwanamke yule wa Norfolk aliipita njia ile ile niliyoipita mimi, udongo ule ule wa kunata, naye akainua nguo. Miaka hiyo hiyo pwani yetu ilikuwa motoni, Wareno waliichoma Mombasa mwaka 1505 na tena 1528, wala yeye hakujua kuna Mombasa. Lakini tope la shambani tulilijua sote.

Na kazi yenyewe niliielewa kuliko ofisa alivyodhani. Nimekaa kizingitini kwa jirani yetu sonara nikimtazama akibandika punje. Unazipanga kwa ncha ya unyoya, unaweka lehemu kidogo, unapuliza moto. Moto ukipungua punje haishiki, ukizidi kidogo punje inayeyuka ikawa doa na kazi ya siku nzima imeharibika. Kwenye kulabu ile zilipangwa punje zaidi ya 20 mahali ambapo kidole changu kinafunika pote. Baadaye yule fundi alichanganya dhahabu na zebaki, akapaka, akachoma mpaka zebaki ikatoka kwa mvuke na dhahabu ikabaki imeshika. Mvuke ule ni sumu. Kuna mtu aliuvuta ili kitu kile kiwe cha njano, nami nikakifanya cheupe.

Nilikaa wiki kadhaa bila kuigusa mashine. Niliporudi, nilirudi na mambo yangu mengine. Nilinunua daftari na kikasha kidogo chenye sponji ndani. Nilijifunza kusoma namba za ramani za Uingereza kwenye simu, na hapa ndipo wengi wetu huteleza. Namba zenye tarakimu 6 zinakuweka ndani ya mraba wa mita 100, za tarakimu 8 ndani ya mita 10, za tarakimu 10 ndani ya mita 1. Mimi naandika 10 kila mara, hata kwa kifungo kibovu, maana vifungo vibovu 15 vikiwa mstari mmoja vinakuambia watu walipita wapi. Vile vile naandika kina. Na sichimbi chini ya udongo uliokwisha kugeuzwa na jembe. Kilicho chini ya hapo bado kimelala kama kilivyoachwa, na hiyo ni kazi ya wanaakiolojia.

Nilijifunza pia kwa nini vitu hivi vipo mashambani, jambo lililokuwa likinisumbua. Vingine vilidondoka njiani, ndiyo. Lakini vingi vilisafirishwa pamoja na samadi: takataka za nyumbani zilimwagwa kwenye lundo la mbolea uani, kulabu iliyopotea jikoni ikaingia humo, na mkokoteni ukaitawanya shambani.

Ya pili ilikuja msimu wa tatu, asubuhi ya Februari yenye ukungu, katika shamba lile lile, ng'ambo ya njia. Mlio ulikuwa ule ule mdogo na safi. Nilipogeuza bonge la udongo nikaona ndoana imechomoza, na mikono ikaanza kutetemeka. Sikuitoa. Nilipiga picha ikiwa shimoni, nikaandika tarakimu 10, kina sentimita 15, saa na tarehe. Kisha nikaiinua na bonge lake lote nikailaza kwenye sponji, udongo juu yake. Nikampigia simu mzee mwenye shamba. Alikuja na gari lake la mizigo, akavua kofia, akaangalia kwa muda mrefu bila kugusa. Alisema baba yake na babu yake walilima hapa, na hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho.

Jumatatu nilikuwa kwa ofisa. Nilipofungua kikasha aliangalia udongo kwanza, akatabasamu. Ilisafishwa na mhifadhi mwenye ujuzi, kwa maji safi yasiyo na chumvi na kijiti cha mti, chini ya darubini. Dhahabu ilikuwepo karibu yote. Ilikuwa na urefu wa milimita 26 na uzito wa gramu 3.1. Safari hii kibao kilikuwa cha duara, chenye meno ukingoni kama msumeno na kibumba kimoja kikubwa katikati, basi haikuwa mwenza wa ile ya kwanza, jambo lililonisikitisha kidogo maana nilishajiaminisha.

Baada ya hapo ni kusubiri. Ripoti huandikwa, mchunguzi wa vifo hutangaza kama ni hazina, makumbusho huulizwa kama yanaitaka. Yakiitaka, kamati ya uthamini hupendekeza bei, na malipo hayo kwa kawaida hugawanywa kati ya aliyeokota na mwenye shamba. Yasipoitaka, kitu hurudishwa. Kwangu ilichukua zaidi ya mwaka. Ile ya kwanza makumbusho hayakuihitaji, ikarudi kwangu. Ya pili waliitaka. Mzee na mimi tulikubaliana kuachia malipo yetu, jambo ambalo sheria inaruhusu, nayo ikaingia kwenye kabati la kioo mjini, maandishi yake yakitaja jina la eneo bila kutaja shamba, ili wanaovamia usiku na mashine zao wasipate pa kuanzia.

Ndugu zangu wa nyumbani wanaoniuliza kama wanaweza kwenda na mashine Pate au kwenye magofu ya Shanga, huko kwetu Lamu: hapana. Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006. Mabaki ya kale ni mali ya serikali, na kuyatafuta bila leseni ni kosa. Ukiokota kitu, wapelekee makumbusho.

Siku ilipowekwa kabatini nilimpigia mama kwa video, nikaisogeza simu karibu na kioo.

"Mbona hawakuisugua?" akauliza. "Ina weusi pembeni."

"Ukiisugua dhahabu inatoka, mama. Ile ya kwanza niliiharibu hivyo, kwa ndimu."

Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika.

"Vile vikuku vya bibi yako," akasema, "nilipokuwa mtoto vilikuwa na rangi ya manjano. Nilidhani nimeota."

Akaniambia ngoja, nikasikia akiburuta sanduku. Aliporudi alishika kikuku kimoja mbele ya kamera, cheupe pe, nikamwomba akipeleke dirishani akigeuze upande wa ndani wa ua la pambo, chini ya ule uzi uliosokotwa. Alikigeuza polepole. Akavaa miwani.

"Ipo," akasema. "Kidogo tu, lakini ipo."

Nikamwomba akifunge kwenye kitambaa kikavu, na ndimu azipeleke jikoni.