Mzee hajaziwi mfuko tu ukaondoka

Jamani nimekuwa nikisaidia kugawa vyakula kwa wazee wenye kipato kidogo, na kitu wengi wetu hatukifikirii ni kwamba msaada sio kumjazia tu mzee mfuko basi umemaliza. Mwingine meno hana, mwingine ana presha au kisukari kwa hiyo ukimletea vitu vya chumvi nyingi na sukari nyingi unamuongezea ugonjwa, na yule mwenye vidole vilivyokakamaa kwa baridi yabisi kopo halifungui kabisa. Afu umri ukienda hamu ya kula inashuka na misuli inapungua, ndo maana protini ni muhimu sana kwao, sio wanga tupu.

Na uzito pia! Gawanyeni kwenye mifuko midogo, mumfikishie mpaka jikoni.

Muulizeni kwanza anakula nini. Kuna bibi aliniambia hajawahi kuulizwa anapenda nini, aisee iliniuma. Wengine wanajinyima kula ili wapate hela ya dawa na hawatakwambia, wanaona aibu, so kaa naye kidogo mpige stori, utajua tu. Mwenye nafasi wikiendi ajitokeze, wabebaji ndo tunaowahitaji zaidi.