DVD ya harusi ilikuwa inasema tupu, hivi ndo nilivyoifungua

Jamani leo nimepumua, acha niandike isije ikamkuta mwingine. Nilikuwa na DVD-R ya harusi ya dada yangu, ilirekodiwa kwa rekoda ya DVD ya nyumbani, kila nikiiweka kwenye kompyuta inazunguka weee halafu inaniambia diski ni tupu. Nikaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje (msifute kwa kuzungusha, mikwaruzo inayofuata duara ndo mibaya), wapi. Nikajaribu deki mbili tofauti, wapi.

Kilichonisaidia ni kuigeuza chini ya taa. Nikaona kuanzia karibu na tundu la katikati kuna mkanda wa rangi iliyokolea tofauti na huko pembeni, yani leza ilishachoma data pale, diski sio tupu ila haikufungwa baada ya kurekodi, yani rekoda haikuimalizia ili isomeke kwenye mashine nyingine! Basi nikairudisha kwenye rekoda ileile iliyoirekodi, maana rekoda nyingine mara nyingi haikubali kumalizia, nikaingia menyu ya diski, nikabonyeza palipoandikwa Finalize, nikaiacha bila kugusa chochote wala kuzima umeme mpaka ikamaliza yenyewe. Kuiweka kwenye kompyuta, video zote hizo hapo, nikakopi kwenye flashi mbili palepale.