Nilivyoipanga klasta ya DX mpaka ikanifaa mtu wa Dar

Klasta ya DX, yaani mtandao ambao wapenzi wa redio wenye leseni (wanaitwa ham) wanaripotiana stesheni za mbali, ni kitu kitamu ila ukiifungua ukiwa Dar bila kuipanga itakuchosha tu, maana ripoti nyingi zinazopita pale zimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na kinachosikika Ujerumani saa hii si lazima kisikike Mbagala. Mimi nilipolielewa hilo ndo klasta ikaanza kunifaa, kwa hiyo naeleza nilivyofanya, labda kuna mwenye leseni yake na redio kaweka kabatini kwa sababu kila akiwasha anasikia mvumo mtupu.

Kwa asiyejua, ham akisikia stesheni ya mbali au akiongea nayo anaandika mstari mmoja tu kwenye klasta, wenyewe tunaita spoti, na ndani ya sekunde chache wenzake dunia nzima wameshauona. Mstari wenyewe unakuwa hivi, huu ni wa mfano na nimemficha aliyeripoti:

DX de ZS...:  21023.0  3Y0J  CW UP 2  1812Z

Hapo ZS ni mtu wa Afrika Kusini ndo kasikia. 21023.0 ni kHz, yaani bendi (kipande cha masafa) ya mita 15. 3Y0J ni ile timu iliyokwenda kisiwa cha Bouvet Februari 2023, kisiwa cha Norway huko chini kabisa kusini mwa Atlantiki, hakuna anayeishi, barafu tupu. CW ni Morse. UP 2 maana yake jamaa wanatuma hapo ila masikio yao yako kHz 2 juu, kwa hiyo ukiwaita palepale unapowasikia unapoteza muda na unawaudhi wengine. 1812Z ni saa ya UTC, saa ya kimataifa. Na hapa sisi tuna raha yetu, toa 3 umepata saa ya Kiswahili moja kwa moja: 18 toa 3 ni 15, toa 12, saa 3 na dakika 12 usiku. 0600Z ni saa 3 asubuhi, huna haja ya kufikiri. Wazungu wanahangaika na jedwali ukutani sisi tunatoa 3 basi.

Mstari ni mfupi hivyo kwa sababu haya mambo yalizaliwa kwenye pakiti redio, yaani kompyuta kutumiana maandishi kwa redio. Miaka ya 1980 Mmarekani Dick Newell, kolisaini (jina lake la hewani) AK1A, aliandika programu ya PacketCluster ya kukaa kwenye kompyuta ya DOS, watu wanaunganisha redio zao za VHF na kimodemu kinaitwa TNC, data inapita hewani kwa itifaki ya AX.25, spidi biti 1200 kwa sekunde. Biti 1200 ni herufi 150 kwa sekunde, yaani mstari mmoja wa spoti unakula nusu sekunde ya hewa, na hapo kuna watu wengi mnagombania masafa hayohayo, sa nani ataandika hadithi ndefu? Leo wengi tunaingia kwa intaneti kwa telneti (njia ya kuunganisha kompyuta kwa maandishi tu) lakini mstari umebaki uleule na amri ni zilezile kwa sehemu kubwa. Faida yake kwetu ni bando. Piga hesabu, hata pakiti ya zamani ikitiririka saa nzima bila kupumua haifiki MB moja, na klasta ya leo kwa telneti ni maandishi matupu, mi naiacha wazi jioni nzima kwa bando la simu na sioni hata limepungua wapi. Video moja ya WhatsApp inakula zaidi.

Vifaa vyangu si vya kutisha. Laptopu ya mtumba yenye Linux, kidude cha RTL-SDR cha kuchomeka kwenye USB (redio ya kupokea tu, kompyuta ndo inafanya kazi), na waya wa umeme wa Kariakoo ambao nimeukata ukawa dipole (antena) ya bendi ya mita 20, fomula ni 143 gawa kwa MHz, kwa 14.1 inatoka kama mita 10.1, nusu kwa nusu, ncha moja kwenye mwembe wa jirani (nilimuomba, akadhani ni ya king'amuzi) na nyingine kwenye nguzo ya ukuta. Kelele ndo shida ya mjini, taa za LED za bei rahisi na chaja za simu zinanguruma bendi nzima, nikagundua nikizima chaja moja tu ya sebuleni mvumo unashuka unauona kwenye skrini ya Gqrx, programu ya kusikilizia hicho kidude. Kwa hiyo muda wangu wa kusikiliza ni mchache na unatakiwa uwe na shabaha, siwezi kuzungusha bendi zote nikibahatisha. Ndo maana nikaitaka klasta.

Nodi (kompyuta ya klasta) niliyoingia inatumia DXSpider, programu ya bure iliyoandikwa kwa Perl na Mwingereza Dirk Koopman, G1TLH, na nodi nyingi sana duniani zinaitumia. Unaingia kwa telneti, inakuuliza kolisaini, yangu inaanza na 5H kama nyingi za Tanzania, afu unajitambulisha: set/name jina, set/qth mji, set/qra gridi. Gridi ni msimbo wa eneo ulipo, ya Dar ni KI93. Hiyo ya mwisho watu wanairuka lakini iweke, maana ukishaiweka ukiandika sh/heading na kianzio cha nchi yoyote inakupa uelekeo na umbali kutoka kwako wewe.

Basi nikaingia, mistari ikaanza kuteremka. Weee! Inateremka mpaka husomi, nusu yake FT8, ile mode ya kompyuta ya mwaka 2017 ya Joe Taylor na Steve Franke, na karibu yote Muitaliano kamsikia Mrusi, Mjerumani kamsikia Mmarekani. Naenda kwenye masafa niliyoona, kimya. Naenda mengine, kimya. Nikawa najiuliza waya wangu una kasoro au?

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Muscat, Mwomani mzaliwa wa Unguja, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Klasta ina amri ya TALK, unamwandikia mtu mmoja moja kwa moja, basi siku moja aliona 5H imeingia akanisalimia, nikamwita Ami tangu siku hiyo. Nikamlalamikia kwamba nikifuata spoti sisikii kitu. Akanijibu, "Mwanangu, wewe unatizama kilichosikiwa, tizama kwanza nani kasikia. Hao wa Ulaya wana anga yao. Nitizame mie na hawa wa Reunion, tukisikia sie ndo na wewe utege sikio." Muscat na Dar ni karibu kilomita 4,000, si jirani hivyo, lakini ukilinganisha na Hamburg huyo ni wa mtaani.

Na ukifikiria ni kweli kabisa. Mawimbi mafupi yanaruka kutoka ardhini yanagonga tabaka la juu la hewa yanarudi chini, na yanaporudi ni sehemu fulani, kwingine yanapita juu kwa juu. Mtu wa Hamburg akisikia Japani asubuhi yake, wimbi hilo limepita kaskazini huko, mimi sihusiki nalo. Lakini mtu wa Comoro, Mauritius, Oman au Afrika Kusini akisikia kitu, uwezekano wa mimi kukisikia ni mkubwa.

DXSpider ina filta ya hilo. Dunia ya ham imegawanywa zoni 40 za CQ, sisi Tanzania tuko 37 pamoja na Kenya, Uganda, Ethiopia, Malawi na Msumbiji. Rwanda, Burundi na Kongo wako 36, Afrika Kusini 38, Madagaska na visiwa kama Comoro na Mauritius 39, Ghuba 21, India na Sri Lanka 22. Nikaandika:

acc/spots 1 by_zone 21,22,36,37,38,39

Hilo neno by_ ndo roho ya jambo lote. Ukiandika call_zone unachuja stesheni iliyosikiwa, ukiandika by_zone unachuja aliyesikia. Wengi wanaweka ya kwanza. Kuangalia ulichoweka ni sh/filter, kufuta ni clear/spots 1, na nodi inaikumbuka hata ukitoka ukarudi kesho. Mafuriko yakakata palepale. Ikawa mstari mmoja baada ya dakika kadhaa, nikadhani nimekata na mtandao wenyewe, kumbe watu wa kanda yetu ni wachache ndo maana. Lakini kila mstari ukawa na maana. Bouvet niliipata hivyo, spoti za Ulaya zilikuwa mamia na sikuwa nasikia kitu, jioni moja akaandika mtu wa Afrika Kusini, nikaenda, na ikawepo! Dhaifu, inazama inaibuka, Morse ya haraka, 3Y0J, kama kilomita 6,200 kutoka kwenye mwembe. Sikuwaita, ule msongamano wa waitaji ulikuwa wa kutisha na mi hata kifaa cha kurushia sikuwa nacho hapo, lakini kusikia tu ilinitosha.

Uchache wa wasikiaji nikaufidia kwa RBN, Reverse Beacon Network. Hii haina binadamu, ni stesheni zilizowashwa saa zote zenye programu inayosoma Morse bendi nzima kwa mpigo na kuripoti zenyewe, na zinaweka nguvu ya signali kwa dB na spidi kwa maneno kwa dakika. Ni telneti pia, telnet.reversebeacon.net poti 7000, na 7001 kwa FT8. Ila isome kwa akili. Mashine haina aibu ya kukosea. Kwenye Morse 5 ni nukta tano na H ni nukta nne, nukta moja ikimezwa na kelele 5Z4 ya Kenya inageuka HZ4 na HZ ni Saudia, na 5H yetu inageuka HH ya Haiti. Kwa hiyo nikiona Haiti ya ajabu bendi ambayo haijafunguka upande huo, nacheka afu naenda kusikiliza mwenyewe, mara nyingine ni mwenzetu.

Kuhakiki natumia bikoni, stesheni za kupimia zinazojituma zenyewe. Kuna bikoni 18 za NCDXF na IARU (vyama vya ham) duniani, zinapokezana kwenye masafa yaleyale, 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200 MHz, kila moja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Inataja kolisaini kwa Morse na mlio mrefu kwa wati 100, afu milio mingine kwa 10, kwa 1, na wa mwisho kwa 0.1. Ya Kenya ni 5Z4B, kuna 4S7B ya Colombo, ZS6DN ya Pretoria. Nikikaa dakika 3 kwenye 28.200 najua bendi inaelekea wapi leo, afu ndo nafungua klasta. Na sh/wwv inakupa hali ya jua, ile K (kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia) ikiwa 1 au 2 kaa usikilize, ikipanda 5 kwenda juu njia za kaskazini zinaharibika. Mei 2024 ile dhoruba kubwa ilipofika 9 spoti za Ulaya kwenda Amerika zilikauka kabisa, ilikuwa kama wamezima swichi.

Baadaye nikawa nahifadhi mistari yote kwenye faili, telneti inapitishwa kwenye tee (amri ya Linux ya kunakili maandishi kwenye faili) basi, na ukikusanya kwa muda unaona tabia. Kwangu, miaka ya kilele cha jua kama 2024, mita 10 asubuhi inaelekea Asia, mchana mpaka magharibi Ulaya wanaingia kwa nguvu, na Marekani wanaanza kuibuka jua likielekea kuzama. Hii sijaisoma kwenye kitabu chochote, imo kwenye faili langu, na inanisaidia kuliko ramani za mtandaoni.

Roho yangu lakini ilikuwa inataka pakiti yenyewe ya hewani, si telneti. Nikaweka Direwolf, programu inayofanya kazi ya ile TNC kwa kutumia kadi ya sauti tu, nikaweka RTL-SDR kwenye 145.825 MHz, nikasubiri kituo cha anga cha ISS kipite. Kikipita juu ya Dar unakipata kwa dakika chache, na kwa kuwa kinakimbia masafa yanahama kama kHz 3 juu kikija na 3 chini kikienda, kwa hiyo unakifuata kidogo kidogo. Sauti ni mkwaruzo mfupi, krrsh, mara moja mstari unatokea kwenye skrini: RS0ISS, kolisaini ya kituo chenyewe. Mke wangu akaniuliza, "Baba Salma, hiyo ndo umekaa juani inaandika hivyo tu?" Ndiyo, hivyo tu.

Klasta ya VHF ya hewani hapa mjini bado sijaisikia kwa masikio yangu, lakini DXSpider hadi leo inakubali mtu anayekuja kwa AX.25, kwa hiyo mmoja akiwa na intaneti na redio ya bendi ya mita 2 (VHF) anaweza kuwagawia wengine spoti bila bando kabisa, kwa biti 1200 zilezile. Upande wangu programu iko tayari na redio ya VHF nimeshaipata. Nahitaji mtu wa pili tu mwenye leseni ya TCRA, awe Kigamboni au Bagamoyo, tuwashe Direwolf pande zote mbili wikiendi moja tuone inafika.