Leo Nilichagua Kuketi Ndani

Jumapili, saa tatu usiku

Mhudumu alipotuuliza kama tungependa kuketi nje au ndani, mume wangu alikuwa ameshaanza kuelekea barazani, kama tulivyofanya kila tulipokwenda kula ufukweni tangu tuhamie mtaa huu. Nikashtukia nimesema, "Ndani, tafadhali." Mume wangu aligeuka akanitazama, na mhudumu naye akasita na menyu zake mkononi, kwa sababu meza mbili za ukingoni, zile ambazo watu huzigombania jua linapokaribia kutua, zilikuwa tupu. Sababu ya kuwapa sikuwa nayo. Sasa watoto wamelala, nyumba imetulia, nami ninajaribu kuitafuta.

Mtaa wetu una safu mbili za migahawa. Ya kwanza inaelekea bahari. Ya pili iko ng'ambo ya barabara, nayo haina cha kukuonyesha isipokuwa migongo ya majengo ya safu ya kwanza. Kwa muda mrefu nilishikilia imani kwamba walio mbele huuza mandhari na walio nyuma huuza chakula. Niliona kwamba mpishi wa mbele hupikia wageni wanaopita, ambao wakirudi makwao hawatamdai lolote, ilhali yule wa nyuma huishi kwa majirani, ambao wakikasirishwa na mchuzi wa leo hawatamwona tena mwezi mzima. Imani hiyo haikunipoteza sana, ingawa naona sasa kwamba iliwaonea watu wa mbele. Mgahawa ulio ukingoni mwa maji hupigana vita ambavyo mteja havioni. Mawimbi yanapovunjika hurusha matone madogo mno, na chumvi iliyomo humo hutua juu ya kila kitu, kisha huvuta unyevu wa hewa, hivyo chuma hubaki na majimaji hata siku ya jua kali. Bawaba hulika, misumari huoza, na mashine za friji zilizowekwa nje huchakaa kabla ya wakati wake. Niliwahi kuvuta kiti nikae, kiti kikaja na mguu mmoja ukabaki sakafuni. Nilicheka siku ile, lakini tangu hapo ninapoitazama bili ya mgahawa wa mbele najua kwamba sehemu yake ni chakula cha bahari kwa maana nyingine: ni vile ambavyo bahari imevila.

Tena kulipia mahali pa kukaa si ulaghai. Katika baa nyingi za kahawa nchini Italia, kikombe kile kile huwa na bei ndogo ukikinywa umesimama kaunta na bei kubwa zaidi ukiketi mezani, na hakuna anayeona ajabu. Mkahawa wa Florian huko Venezia, uliofunguliwa mwaka 1720, huwaongezea wateja malipo ya muziki pale bendi inapopiga. Nauona utaratibu huo kuwa wa kiungwana, maana muziki umeandikwa kwenye bili kwa jina lake. Huku kwetu muziki wa mawimbi umefichwa ndani ya bei ya samaki, na mteja huondoka akimlaumu samaki.

Na mawimbi hayo kwa kweli yanakolea kwenye chakula. Mwaka 2007 mpishi Mwingereza Heston Blumenthal alianza kuwaandalia wageni wake mlo uliokuja pamoja na kombe kubwa la baharini lililofichwa chombo cha muziki ndani yake, ili mtu ale huku akisikia mawimbi masikioni. Nyuma ya mzaha huo kulikuwa na majaribio aliyoyafanya na mtafiti Charles Spence wa Chuo Kikuu cha Oxford: watu waliokula chaza huku wakisikilizishwa sauti za bahari waliwafurahia zaidi kuliko waliosikilizishwa sauti za mifugo. Kwa hiyo yule anayerudi kutoka safu ya mbele akiapa kwamba hajawahi kula samaki mtamu kama yule hasemi uongo. Amekula samaki na mawimbi kwa pamoja, na ulimi haukumtenganishia.

Lakini bahari hiyo hiyo inayotia ladha huiondoa pia. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa ya baridi kidogo kutoka baharini huingia kuchukua nafasi yake, ndiyo maana upepo huwa mkali alasiri kisha ukalegea jua linapozama. Mtu anayeagiza supu barazani saa tisa mchana anaipepea mwenyewe. Mvuke huondoka na harufu yake, na tunachokiita ladha kwa sehemu kubwa ni harufu inayopanda puani. Mimi hula nje jioni tu. Wali uliopoa kwa upepo na ukatiwa chembe za mchanga hauna mandhari ya kuutetea.

Nafikiri nimeanza kukaribia sababu yenyewe, nayo inahusu mlo mmoja nilioula nje, kwenye meza nzuri kuliko zote, miezi kadhaa iliyopita. Mgahawa huo sitautaja. Niliagiza jodari wa kuchoma, akaja anapendeza, hana harufu yoyote mbaya, na bahari ilikuwa hatua ishirini kutoka pale nilipoketi. Kabla ya kumaliza sahani uso wangu ulianza kuwaka kama niliyelala juani, kichwa kikaniuma, na moyo ukaenda mbio. Nilidhani nimepata mzio wa samaki, jambo lililonihuzunisha kuliko maumivu yenyewe. Daktari alinieleza kwamba huenda mzio sina kabisa: samaki kama jodari na vibua wasipowekwa kwenye barafu mapema baada ya kuvuliwa, bakteria hugeuza histidini, kemikali ya asili iliyo katika nyama yao, kuwa histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, nayo hiyo moto wa jikoni hauiondoi, hata samaki akichomwa mpaka akauke. Dalili zangu ziliisha siku ile ile. Kilichobaki ni aibu. Mimi ninayejigamba kwamba najua kula, nilikuwa sikumuuliza mhudumu swali hata moja, eti kwa kuwa bahari ilikuwa mbele ya macho yangu. Niliifanya bahari kuwa shahidi wa ubichi wa samaki ambaye pengine alifika kwa lori, usiku, kutoka bandari ya mbali, akiwa amekaa juani ufukweni huko kabla ya lori kuondoka.

Tangu hapo nina tabia ambayo mume wangu anaiona ya kukera. Sahani ikija, ninanusa kwanza, kabla ya kukamua ndimu. Samaki wa baharini wana kemikali isiyo na harufu ambayo bakteria, samaki akishakufa, huibadilisha taratibu kuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo shombo tunayoijua. Asidi ya ndimu huikamata na kuizuia isiruke hewani. Ndimu basi ni kiungo kizuri sana na ni pazia zuri sana pia, na mimi napenda kuona chumba kabla pazia halijafungwa. Hata hivyo pua yangu isingeniokoa na yule jodari, kwa sababu histamini haina harufu ya kukuonya. Kwa hilo hakuna dawa ila kuuliza samaki ametoka wapi na amekaaje, na kumtazama anayejibu.

Leo, basi, tuliketi ndani. Nilipata kiti kinachoelekea mlango wa jikoni, na kwa mara ya kwanza katika mgahawa ule ambao tumekwenda labda mara kumi, nilimwona mpishi. Ni mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani, anayeonja kila sufuria kwa kijiko kidogo kisha anakitupa kwenye beseni na kuchukua kingine. Samaki walikuwa ndani ya sanduku lililojaa barafu, na kijana mmoja aliongeza barafu mara mbili tukiwa pale. Nilipomuuliza mhudumu samaki wa leo wametoka wapi, hakunijibu kwa menyu, alisema, "Ngoja nimwite dada mwenyewe akuambie." Dada mwenyewe akaja akifuta mikono, akanitajia mashua na saa iliyofika, kisha akanishauri nimwache yule niliyemtaka kwa kuwa amebaki mkubwa tu na hataiva vizuri kwa haraka. Barazani sikuwahi kupata mazungumzo ya namna hiyo. Pale hutazama upande mmoja tu, na mgahawa wote uko nyuma yako.

Kitu kingine nilichokigundua ni nani waliokuwa ndani pamoja nasi: mwalimu mstaafu ambaye asubuhi humkuta kwenye mkahawa wa kona akisoma gazeti, kila siku akiipa bahari mgongo; muuza dawa na mama yake; wanandoa wa jengo letu ambao huwa hatusalimiani zaidi ya kwenye ngazi. Wote ni wa mtaani. Wageni walikuwa nje, wameshika simu juu ya sahani zao, wakisubiri mwanga ufae wakati chakula kinapoa. Sijui kama hilo linanipendeza. Sikuhamia kando ya bahari ili nifikie hatua ya kuizoea kiasi cha kukaa nayo ukuta katikati.

Watoto hawakunisamehe upesi, kwa sababu nje ndiko waliko shakwe. Niliwahi kuwasomea kwamba mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter waliona shakwe wakichelewa wastani wa sekunde 21 zaidi kusogelea chakula pale mtu anapowakazia macho, na tangu siku hiyo mlo wetu wa barazani huwa na zamu ya ulinzi, mmoja anakula na mwingine anamkodolea ndege macho. Leo walikula wote kwa pamoja, wakamaliza mapema, wakakosa la kufanya.

Tulipotoka, mwezi mpevu ulikuwa umepanda na maji yalikuwa yamejaa bamvua, yakigonga ukuta wa baraza kiasi kwamba wale wa meza za ukingoni walikuwa wamekunja miguu juu ya viti, wakicheka na kupiga kelele. Mume wangu alisimama pale akiwatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Njiani akasema Jumapili ijayo zamu ya kuchagua ni yake, na kwamba ameshachagua. Nikampigia hesabu kwa vidole: maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo baada ya siku saba, saa kama ile, yatakuwa yamekupwa, na mbele ya meza yake kutakuwa na mchanga mtupu na harufu ya mwani. Akasema hata mwani anautaka. Nikamwambia sawa, tutaketi nje, ila kabla ya kukaa nitapitia kwanza jikoni.