Presha Ilikuwa Nzuri

Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, niko mafunzo kwa vitendo katika hospitali moja ya wilaya, na usiku ule nilipangwa leba pamoja na mkunga mtu mzima ambaye sote tulimwita Sista. Mkali, hacheki ovyo, saa yake inaning'inia kifuani.

Saa nane usiku mama mmoja alijifungua mtoto wake wa tatu bila tabu yoyote. Mtoto akalia, sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza kizazi ili damu isitoke sana, ikachomwa pajani, kondo la nyuma likatoka lote. Nikaachiwa kazi ya kumpima kila robo saa.

Kipimo cha kwanza: presha 112/70, mapigo ya moyo 88. Kilichofuata: 110/82, mapigo 108. Cha tatu: 108/86, mapigo 126.

"Mgonjwa wako vipi?" Sista aliuliza kutoka kitanda cha pili.

"Presha nzuri, Sista. Ila mapigo yanapanda."

Akavua glavu, akaja. Mashine hakuitazama kabisa. Alimshika yule mama unyayo, akapandisha kiganja taratibu mpaka gotini. "Njoo ushike mwenyewe." Unyayo ulikuwa baridi kabisa, baridi ikapanda hadi katikati ya muundi, na kutoka gotini kwenda juu kukawa na joto. Akambonyeza ukucha wa kidole cha mkono. Ukawa mweupe, na wekundu ukachelewa kurudi. "Hesabu pumzi." Zilikuwa 28 kwa dakika, fupi fupi. Mama mwenyewe hakulalamika maumivu. Alisema tu ana kiu, na anasikia baridi.

Sista akafunua khanga alizolalia. Ya juu ilikuwa na doa la kawaida. Za chini zilikuwa zimelowa chapachapa, na damu imetuama kwenye bonde la godoro la plastiki. Akapapasa tumbo: kizazi, ambacho saa ile kilipaswa kuwa kimejikaza, kilikuwa laini.

Akaanza kukikanda huku ananituma. Kanula mbili nene, dripu mbili, oksitosini ndani ya dripu, asidi ya traneksamiki, ya kusaidia kuzuia damu, gramu 1 kwenye mshipa, maana dawa hiyo inataka iwahi, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Mpira wa mkojo. Mtu akimbie maabara. Na katikati ya hayo yote akawa ananifundisha, tena kwa sauti ile ile ya kuagiza.

Katika mishipa mikubwa ya shingoni na ule unaotoka moyoni, alisema, kuna vihisio vinavyopima jinsi damu inavyotanua kuta za mshipa. Damu ikipungua, ubongo unapata habari papo hapo. Moyo unaamriwa uende mbio, na mishipa midogo ya ngozi, utumbo na figo inabanwa. Ni kama nyumba iliyoishiwa unga: wakubwa wanajinyima ili watoto wale, na watoto hapa ni moyo na ubongo. Ndiyo maana unyayo ulikuwa baridi. Ndiyo maana pia namba ya chini ya presha ilikuwa imepanda kutoka 70 hadi 86 wakati ya juu haijatikisika. Mishipa ilikuwa imejibana kweli kweli. Sehemu zilizonyimwa damu hukosa oksijeni na kuanza kutengeneza asidi, na mapafu huhema haraka kutoa hewa ya ukaa ili damu isizidi kuwa chachu.

"Mjamzito damu yake inaongezeka karibu nusu," akasema. "Akiwa kijana anaweza kupoteza zaidi ya lita moja, presha imesimama. Halafu inaanguka kwa mkupuo. Ukisubiri presha ikuambie, umechelewa."

Darasani haya yote niliyasoma, na mtihani nilifaulu. Ila vitabu huanza na moyo, kisha mishipa, mapafu sura nyingine kabisa, utadhani kila kimoja kina mwili wake. Pale kitandani niliviona vikifanya kazi moja kwa wakati mmoja, na mwenye mwili amelala anaomba maji.

Kizazi kilijikaza baada ya kukandwa sana. Mfuko wa mkojo ulikaa na matone machache meusi kwa muda mrefu, na Sista aliuangalia huo kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu figo, zilizobanwa mapema, hazianzi kutoa mkojo vizuri mpaka damu izirudie. Kulipokucha mkojo ulikuwa unashuka, mapigo 92, unyayo una joto, na mama anadai chai yenye sukari nyingi.

Mdogo wa mumewe alikuwa ameitwa alfajiri kuchangia damu. Alikuja mlangoni na pamba mkononi, akatangaza kwamba kuanzia leo yeye na shemeji ni ndugu wa damu, utani umekwisha. Sista akamwambia damu yake bado iko maabara, inasubiri kupimwa Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Chupa mbili alizoongezewa shemeji yake zilitolewa na watu wengine, siku nyingine kabisa.

"Basi bado mtani wangu," akasema, akaomba aonyeshwe mtoto.