"Did not went" ni "hakulienda": mazoezi ya Kiingereza kwa anayejua Kiswahili

Anayejifunza Kiingereza akiwa tayari anakijua Kiswahili hana haja ya kuanza sarufi kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu. Mengi yaliyomo hayatamsumbua. Mpangilio wa sentensi ya kawaida ni uleule: "Juma anapika wali", "Juma cooks rice". Kinachomwangusha ni sehemu chache, na nyingi kati ya hizo zina chanzo kimoja: kitenzi cha Kiswahili hubeba mzigo wote peke yake. Neno "sikumwona" lina mimi, lina ukanusho, lina wakati uliopita, lina yeye na lina kuona. Kiingereza kinaugawa mzigo huo kwa maneno matano, "I did not see him", na kila neno lina zamu yake. Kazi ya mazoezi ni kuuzoesha mdomo huo mgawanyo.

Kosa la kushughulikia kwanza ni "Did you went?". Wengi wamefundishwa kwamba baada ya "did" kitenzi hurudi kwenye umbo lake la mwanzo, wakakariri, na bado wanakosea, kwa sababu kanuni imekuja bila maelezo. Maelezo yake yamo ndani ya Kiswahili. Chukua "alienda". Ukikanusha unapata "hakuenda": ile "li" imeondoka, "ku" imeshika nafasi yake. Wakati uliopita umetajwa mara moja, basi. Hakuna mtu anayesema "hakulienda". Sasa "did not went" ndiyo "hakulienda" yenyewe. "Did" imeshabeba jana, kwa hiyo "go" haina cha kubeba. "Does" nayo ni hivyo hivyo: ile "s" ya "she goes" imehamia kwenye "does", ndiyo maana tunasema "she does not go". Ukiona "s" mbili, kama "she does not goes", moja imeingia bila mwaliko.

Zoezi lake ni la daftari na linachukua kama dakika 15. Chagua kitenzi kimoja kwa siku. Chora safu tatu: kukubali, kukanusha, kuuliza. Tumia nafsi mbili tu, "I" na "she", kwa kuwa "you", "we" na "they" hufuata "I", na "he" hufuata "she". Nyakati nazo mbili, kila siku na jana. Jumla ni sentensi 12. Kwa kitenzi "buy", nusu ya kazi inaonekana hivi: "She buys bread every day. She doesn't buy bread every day. Does she buy bread every day? She bought bread yesterday. She didn't buy bread yesterday. Did she buy bread yesterday?" Nusu ya pili ni hizo hizo kwa "I". Ukimaliza kuandika, funika safu ya pili na ya tatu kwa mkono, soma ya kwanza, kisha tamka hizo mbili bila kuzitazama. Hapo ndipo wengi huliacha zoezi mapema. Wakiandika hupata zote, wakifungua mdomo "did she bought" inarudi. Kama umeandika tu, hujafanya nusu ya kazi.

Anza na vitenzi visivyofuata "-ed": go, buy, eat, see, come, give, take, write, speak, bring. Hivyo ni siku 10. Vyenye "-ed" viweke nyuma, maana umbo lao haliyumbi. Weka kando pia "am, is, are, was, were", ambavyo vinajikanusha na kujiuliza vyenyewe bila "do": "Are you tired?", siyo "Do you tired?".

Jambo la pili ni "-na-". "Mama anapika" inaweza kuwa "Mother is cooking" au "Mother cooks", na Kiswahili hakijali. Kiingereza kinajali sana. Kipimo rahisi ni "hu-". Kama unaweza kusema "hupika" na maana isibadilike, tumia "cooks". Kama moshi unatoka jikoni sasa hivi, tumia "is cooking". Anayefanya kazi benki miaka yote aseme "I work in a bank", hata kama Kiswahili chake ni "ninafanya kazi benki". Kuna vitenzi visivyopenda "-ing" hata jambo likiwa la sasa: know, want, need, like, believe, understand. Humo imo pia "have" ya kumiliki. "I am having two children" ni kosa, lakini "I am having lunch" ni sawa, kwa sababu hapo mtu anakula, hamiliki. Tukiwa hapo hapo, "nina" isigeuzwe "I have" kila inapotokea. Miaka, njaa na kiu huchukua "am": "I am 20", "I am hungry", "I am thirsty". Na baridi haisikiwi kwa Kiingereza, ni "I am cold".

"-me-" ndiyo ngumu kuliko zote, na kwa maoni yangu haipewi muda wa kutosha darasani. Watu huambiwa "-me-" ni "has" au "have", wakaishia hapo. Sasa sema "mtoto amelala" kwa kanuni hiyo: "The child has slept". Anayesikia ataelewa kwamba mtoto ameshapata usingizi wake, huenda hata yuko macho. Ulichotaka kusema ni "The child is asleep". "-me-" yetu mara nyingi hueleza hali iliyopo baada ya tendo, na Kiingereza hueleza hali kwa "is": amesimama mlangoni, "he is standing at the door", amevaa kofia, "he is wearing a hat", amechoka, "he is tired", amekaa, "he is sitting". Kabla ya kuandika "has", jiulize kama unaeleza tendo lililokamilika au hali unayoiona kwa macho. "Amevunja kikombe" ni tendo, basi "She has broken the cup".

Mtego mwingine wa "-me-" ni siku. Katika mazungumzo tunasikia "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka. "I have seen him yesterday" haikubaliki. Ukitaja wakati uliokwisha, jana, juzi, mwaka 2019, "have" inatoka na kitenzi kinarudi kwenye wakati uliopita: "I saw him yesterday". Usipotaja wakati, "have" inabaki. "Sijala bado" haina taabu: "I haven't eaten yet".

Hapo inafuata adabu ya kujibu. Mtu akikuuliza "Hujala?" unajibu "Ndiyo, sijala", yaani ulivyosema ni kweli. Kwa Kiingereza "yes" na "no" hufuata kitenzi cha jibu lako, hazimfuati muulizaji: "Haven't you eaten?" "No, I haven't." Ukijibu "yes" na kunyamaza, utakosa chakula.

"He" na "she" kila mtu anajua zinatofautiana, na bado zinachanganywa, kwa sababu "a-" yetu haibagui mume na mke. Kosa lililofichika zaidi ni "his" na "her". Kiswahili hulinganisha neno la umiliki na kitu: kitabu chake, nyumba yake. Mzoea huo akifika kwenye "mke wake" anaangalia mke na kuandika "Juma and her wife". Kiingereza hurudi nyuma kumtazama mwenye mali, na mwenye mke hapa ni Juma, basi "his wife". Fanya jozi tano kila siku kwa sauti: Juma na dada yake, Asha na kaka yake, Juma na mama yake, Asha na mumewe, Juma na binti yake. Programu za kutafsiri zisikusaidie hapa. Ukiziandikia "anapika" bila jina, hazina pa kujua kama ni mume au mke.

Kuhusu "a" na "the", hadithi zetu zinatosha kwa kuanzia: "Palikuwa na sultani mmoja. Yule sultani..." Pale penye "mmoja" weka "a", penye "yule" weka "the". Na "an" hufuata sauti, siyo herufi: "an hour", "a university".

Mara mbili kwa wiki, fanya tafsiri ya kwenda na kurudi. Ni njia ya zamani: katika karne ya 16 Roger Ascham, aliyemfundisha Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, aliitetea kwa kujifunza Kilatini. Tafuta aya ya Kiingereza chepesi ya maneno 50 hadi 60. Siku ya kwanza iandike kwa Kiswahili chako cha kawaida, siyo neno kwa neno. Siku ya pili, bila kutazama ya asili, irudishe kwenye Kiingereza, kisha linganisha kwa kalamu nyekundu. Kama unaandika kwenye simu, zima kwanza kisahihishi, kwa sababu kinaweza kurekebisha kosa kabla hujaliona. Kila kosa lipe herufi pembeni: W kwa wakati, S kwa ile "s" ya nafsi ya tatu, A kwa "a" na "the", M kwa mahali. Ile "-ni" ya mezani, shuleni na nyumbani huwa "on", "at", "in", na wakati mwingine hupotea kabisa, kama katika "go home".

Baada ya aya tano hesabu herufi. Iliyoongoza ndiyo kazi ya wiki inayofuata, nyingine ziache kwanza. A ndiyo hukawia zaidi kupungua, hata W na S zikiwa zimekwisha, kwa hiyo isikuzuie kuendelea na vitenzi vipya.