Mama mdogo na neno lililonifungulia makala

Wiki ya tatu sasa nahangaika na vyanzo. Kazi yangu ya saikolojia inahusu msongo wa mawazo kwa wanawake wanaouza dagaa mwaloni Kibirizi, Kigoma, hasa kipindi kile cha 2024, Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi uliposimamishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana. Msimamizi anataka makala za majarida yanayopitiwa na wataalamu, si habari za kuokoteza.

Nimekuwa nikiamka saa nane usiku kwa ajili ya bando la usiku, naketi barazani hapa Mwanga na simu yangu. Kila nikiandika kwenye Google Scholar, sehemu ya Google ya kutafutia makala za kitaaluma, lile neno la kitabuni, "msongo" kwa Kiingereza, zinamiminika makala kuhusu wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Baadaye nikajua sababu. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett aliangalia majarida sita makubwa ya saikolojia ya Marekani, akakuta asilimia 96 ya waliochunguzwa ni wa nchi za Magharibi zenye viwanda. Namba hiyo iliniuma. Mama zetu wa mwaloni wako wapi humo?

Jumamosi nikashuka Kibirizi. Mama mdogo alikuwa anageuza dagaa juu ya chanja, wachache tu maana ni siku za mbalamwezi na mitumbwi mingi imepumzika. Magamba yamemganda vidoleni, yanang'aa. Nikamuuliza, ziwa lilipofungwa alikuwaje.

"Sikuumwa, mwanangu. Nilikuwa na mawazo tu. Wewe unalala, mawazo hayalali."

Usiku huohuo nikaandika, kwa Kiingereza, maneno ya kuwaza kupita kiasi. Ikatokea makala ya Kaiser na wenzake ya 2015, katika Social Science & Medicine. Wamepitia machapisho 138 kuhusu watu wa pande nyingi za dunia wanaoeleza dhiki yao kwa usemi wa namna hiyo, na wanaonya kwamba tusiugeuze moja kwa moja kuwa jina jingine la sonona. Nilikaa nayo mpaka adhana ya alfajiri.

Tangu hapo nimeacha kubahatisha. Nasoma marejeo ya mwisho wa makala, kisha naangalia nani wameinukuu baadaye. Iliyofungwa kwa malipo naitafuta PubMed Central, hifadhi ya mtandaoni ya makala za afya zinazosomwa bure. Mara nyingi nakuta nakala ya bure. Nimempata pia Sylvia Kaaya na wenzake, 2002, waliopima kama dodoso la Hopkins lenye vipengele 25, la kupima dalili za sonona na wasiwasi, linafaa kwa wajawazito wenye VVU hapa Tanzania. Sehemu ya mbinu nimeirudia mara tatu, maana ndiko wanakoeleza waliongea na nani na waliuliza vipi.

Leo nimefuta neno "msongo" kwenye swali langu la kwanza. Sasa linasomeka: "Ziwa lilipofungwa, ulikuwa na mawazo yanayokunyima usingizi?" Kesho asubuhi namsomea mama mdogo kwanza, halafu ndipo nimpelekee msimamizi.